MJUE IBN SINA: ALIYESOMA KITABU MARA 40 NA ASIKIELEWE





Ndugu yangu katika Uislamu, Ramadhan ikifika hapa kwetu Kibera mambo ni yale yale kila mwaka. Kuanzia Makina mpaka Lindi unawaona watoto na misahafu mikononi, na sisi wakubwa pia tunaweka nia: mwaka huu lazima nihifadhi juzuu moja, ama angalau sura mbili tatu ndefu. Siku za kwanza moto unawaka. Likifika kumi la pili, nusu yetu tumeshakwama. Mtu anasoma ukurasa mara kumi, mara ishirini, akifunga msahafu hakuna kitu. Basi anaanza kujiambia kwamba kichwa chake ni kizito, kwamba wengine wamepewa akili na yeye amenyimwa. Na wazazi wengine, Allah atusamehe sote, humwita mtoto kichwa maji mbele za watu, na neno lile linamkaa mtoto kuliko hata zile aya zenyewe.

Kwa hivyo leo tumewaletea maisha ya mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa akili yake, na ambaye pia aliwahi kukwama vibaya sana. Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah Ibn Sina. Wazungu wanamwita Avicenna. Alifariki ndani ya mwezi huu huu wa Ramadhan, mwaka 428 Hijria, yaani 1037, kwa hivyo kumkumbuka sasa kuna mahali pake. Tena ni mmoja wa watu waliouliza kwa makini swali ambalo wanasayansi wanaliuliza mpaka leo: akili inashikaje jambo, na inafanyaje kazi nalo?

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ibn Sina alizaliwa takriban mwaka 370 Hijria (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alitoka Balkh, ambayo leo iko Afghanistan, akaja kufanya kazi ya serikali chini ya wafalme wa Kisamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye familia ikahamia Bukhara mjini, na mzee akamtafutia mwanawe mwalimu wa Qur'an na mwalimu wa lugha na adabu.

Alipofika miaka 10 alikuwa ameshamaliza Qur'an na vitabu vingi vya adabu, mpaka watu wakawa wanamshangaa. Hisabu za Kihindi alikwenda kufundishwa na muuza mboga. Ndiyo, muuza mboga! Mzee wake hakuona haya kumpeleka mtoto kwa mtu wa sokoni, maadamu mtu huyo ana elimu. Sisi ambao mama zetu wanauza sukuma pale Toi tulitie hilo akilini. Fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid. Kisha akaja mwalimu mmoja aitwaye al-Natili, akakaa nyumbani kwao kumfundisha mantiki na hisabu, na haikuchukua muda mwanafunzi akawa anamweleza mwalimu.

Tiba akaiona si elimu ngumu. Alipokuwa na miaka 16 matabibu walikuwa wakija kusoma kwake.

USIKU WA TAA

Baada ya hapo alijifungia mwaka mmoja na nusu kusoma tu. Yeye mwenyewe alimsimulia mwanafunzi wake al-Juzjani habari za siku hizo, na ndiyo maana tunazijua. Hakulala usiku mzima hata mara moja, na mchana hakushughulika na kitu kingine.

Hebu tuangalie alivyosoma, manake hapa ndipo penye siri. Hakuwa akisoma tu na kupita. Alijiwekea makaratasi mbele yake. Kila hoja aliyokutana nayo aliivunja vipande: hoja hii imesimama juu ya maneno gani, yapi yanatangulia, yapi yanafuata, na yakipangwa hivi yanazaa nini. Aliandika na kupanga mpaka jambo limkae wazi. Kwa maneno mengine, hakuubebesha ubongo wake kila kitu kwa wakati mmoja. Karatasi ilibeba, na akili ikabaki na nafasi ya kufikiri.

Na alipokwama? Alikwenda msikitini, akaswali na kumuomba Muumba mpaka lile lililofungwa likafunguka. Kisha hurudi nyumbani, akawasha taa, akaendelea. Mara nyingine alilala na swali likamjia usingizini pamoja na jawabu lake.

MARA 40 NA ASIELEWE

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Ibn Sina akakifikia kitabu cha Aristotle, Mgiriki wa kale, kuhusu elimu ya yale yaliyo nyuma ya maumbile. Akakisoma hakukielewa. Akarudia tena. Akarudia mpaka mara 40, hata kitabu chote akawa amekihifadhi kwa moyo. Na bado hakujua mwandishi anakusudia nini. Akakata tamaa kabisa, akasema hiki hakina njia.

Fikiria, ndugu yangu. Huyu ni yule yule aliyemaliza Qur'an akiwa na miaka 10. Hifdhi anayo, maneno yote yako kichwani, lakini ufahamu hakuna.

Siku moja alasiri akawa anapita soko la vitabu. Dalali mmoja ameshika kitabu ananadi. Akampa Ibn Sina, naye akakikataa kwa kuudhika, akidhani elimu hiyo haina faida. Dalali akamsihi, akamwambia mwenyewe ana shida ya pesa na kitabu ni rahisi, dirhamu 3 tu. Basi akanunua. Kumbe kilikuwa kitabu kidogo cha al-Farabi kilichoeleza makusudio ya kile kitabu cha Aristotle. Akakimbilia nyumbani kukisoma, na papo hapo kila kitu kikafunguka, kwa sababu maneno yenyewe alikuwa nayo tayari. Kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa mafukara kumshukuru Allah.

Nini kilibadilika kati ya asubuhi na jioni ya siku ile? Kichwa hakikukua. Kumbukumbu haikuongezeka hata neno moja. Kilichobadilika ni kwamba alipata pa kushikia. Zamani maneno yalikuwa mengi yakimrukia yote pamoja. Sasa alijua lipi la kulitazama kwanza na lipi la kuliacha likae pembeni.

ALIVYOIELEZA AKILI

Baadaye Ibn Sina aliandika sana kuhusu ubongo. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Shifa, kwenye sehemu ya nafsi, na vile vile katika al-Qanun fi al-Tibb, alieleza kwamba ndani ya mtu kuna nguvu kadhaa za kujua, si moja. Akazigawa tano, na kila moja akaipa mahali pake kichwani.

Ya kwanza inapokea yanayoingia kwa macho, masikio na viungo vingine. Ya pili, khayal, inayaweka. Ya tatu ikitumiwa na akili ya binadamu huitwa mufakkira, yaani ya kufikiri: hii inayachukua mambo, inayaunganisha na kuyatenganisha. Ya nne, wahm, inatambua maana isiyoonekana kwa jicho, kama kondoo anavyojua kwamba mbwa mwitu ni adui. Ya tano, hafidha, inatunza maana hizo kwa siku za mbele.

Hoja yake kubwa ilikuwa hii: kupokea si sawa na kutunza. Maji yanapokea alama yoyote, tia kidole uone, lakini ukitoa hayana kitu. Kwa hivyo nguvu inayopokea lazima iwe mbali na ile inayotunza, na ile inayofanya kazi iwe mbali na zote mbili. Na akaongeza jambo lingine: nguvu hizi zinavutana. Nafsi ikishughulika na huku, inapungua kule. Ikizama katika yanayoonekana nje, ya ndani yanadhoofika.

Tuseme kweli, alikosea mahali. Yeye aliziweka nguvu hizi ndani ya vyumba vilivyo katikati ya ubongo, kama wenzake wa zamani walivyoamini. Leo tunajua vyumba vile vina maji tu, na kazi inafanywa na nyama ya ubongo yenyewe. Lakini ile tofauti aliyoiona kati ya kabati la kuwekea na meza ya kufanyia kazi imesimama mpaka leo.

KABATI NA MEZA

Hebu tutumie mfano wa nyumba zetu. Wengi wetu hapa Kibera na wenzetu wa Kawangware tumelelewa katika chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Meza ni moja. Juu ya meza hiyo tunakula, tunapiga pasi, na mtoto anafanyia kazi ya shule. Kabati liko kando, na likipangwa vizuri linabeba vitu vingi sana. Lakini meza ni ndogo, na ukitaka kufungua kitabu lazima kwanza uondoe vyombo.

Akili ni hivyo hivyo. Kabati ni ile kumbukumbu ya muda mrefu: jina lako, Fatiha, njia ya kwenda kwa shangazi. Meza ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika jambo kwa sekunde chache unapolitumia. Makanga wa matatu anayekumbuka kwamba yule wa nyuma hajapewa chenji na huyu wa dirishani anashuka hapo mbele, anatumia meza. Mtoto uliyemtuma dukani unga, mafuta, sukari, chumvi na kiberiti akarudi na vitatu, meza yake ilijaa njiani, na labda alisimama kutazama mpira.

Wanasayansi wameipima meza hii. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika vitu kama 7 hivi kwa mara moja. Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, wakaeleza kwamba si ghala dogo tu bali ni mahali pa kazi, na wao ndio waliolieneza jina la kumbukumbu ya kazi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba ukimzuia mtu asivifunge vitu mafungu mafungu, idadi ya kweli ni karibu na 4. Ndiyo sababu namba ya simu tunaisema kwa mafungu, hatuitaji tarakimu 10 moja moja.

Na ubongo wenyewe unafanya nini wakati huo? Mwaka 1971 Joaquín Fuster na mwenzake walichunguza nyani. Walimwonyesha chakula kinapofichwa, wakashusha pazia, akangoja. Katika sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, waliona chembe zinaendelea kuwaka wakati wote wa kungoja, ijapokuwa hakuna kinachoonekana. Ni kama taa ambayo mtu anaishikilia isizimike mpaka amalize kazi. Kwa binadamu imeonekana kwamba sehemu hiyo ya mbele inashirikiana na sehemu za nyuma za ubongo, zile zinazopokea ya macho na masikio.

MLANGO NDIO JAMBO

Utafiti ninaoupenda zaidi ulitoka mwaka 2005, ukafanywa na Edward Vogel na wenzake huko Marekani. Waliwavalisha watu vidude kichwani vya kupima umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo, bila kupasua wala kuumiza. Mwaka mmoja nyuma Vogel na mwenzake walikuwa wameshaona kwamba mtu akishika vitu vingi akilini wimbi la umeme linapanda, na likifika vitu 3 au 4 linasimama.

Safari hii wakawaonyesha watu vipande vyekundu na vya buluu kwa muda mfupi sana, wakawaambia washike vyekundu tu na waachane na vya buluu. Wale wenye meza kubwa, wimbi lao lilionyesha wameshika vyekundu peke yake. Wale wenye meza ndogo, wimbi lao likapanda kama la mtu aliyeshika vyote, vyekundu na buluu pamoja!

Umeona hapo? Hawakuwa wameshika vichache. Walikuwa wameshika vingi, ila visivyotakiwa vimeingia na kukalia nafasi. Tatizo halikuwa meza peke yake, ni mlango. Hawa wa pili hawakuwa na bawabu.

Na hiyo ndiyo tunayoiita makini, kuhudhurisha moyo. Ni bawabu anayesema wewe ingia, wewe ngoja nje. Ibn Sina hakuwa na mashine, lakini aliposema nguvu za nafsi zinavutana alikuwa karibu sana na jambo hili.

NENO LILILOSEMWA NAIROBI

Mtu anaweza kuuliza, haya ya meza na mlango yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu katika mji huu huu wetu kuna watu waliosema kwamba ubongo wetu wenyewe ndio wenye kasoro.

Miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, daktari aitwaye F. W. Vint alipima hapa Nairobi bongo za maiti za Waafrika na kutangaza kwamba zina upungufu zikilinganishwa na za Wazungu. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Ni sehemu ile ile ya nyuma ya paji la uso tuliyoitaja juu!

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Algeria, alimjibu vikali katika kitabu chake cha 1961. Leo sayansi ya namna ile imetupwa. Meza iko kwa kila mwanadamu, mweusi na mweupe. Lakini neno lile halikufa lote. Kila mtoto wa Kibera anapoitwa kichwa maji kwa sababu hakushika somo, ni lile lile la Carothers linarudi kwa mdomo wetu wenyewe. Tunaangalia kichwa, hatuangalii mlango. Hatuulizi mtoto alilala saa ngapi, alikula nini, redio ya jirani ilikuwa juu kiasi gani, na ana wasiwasi gani moyoni. Njaa, usingizi haba, kelele na hofu, yote yanakalia meza.

UWAZIRI, JELA NA SAFARI

Turudi kwa Ibn Sina. Akiwa bado kijana aliitwa kumtibu mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliyekuwa mgonjwa. Akaruhusiwa kuingia maktaba ya kifalme, vyumba vingi vilivyojaa makasha ya vitabu. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza elimu zote hizo. Baadaye ukubwani alikiri kwamba siku zile hifdhi yake ilikuwa na nguvu zaidi, lakini elimu ni ile ile, ila sasa imepevuka. Kabati lilijaa akiwa na miaka 18, kazi ya mezani ikachukua maisha yote.

Na maisha hayakumwachia raha. Baba akafariki, ufalme wa Kisamani ukaanguka mwaka 999, naye akawa mtu wa kuhama mji baada ya mji: Gurganj, Jurjan, Ray, mpaka Hamadan, huko Iran ya leo. Jurjan ndipo al-Juzjani alipojiunga naye, akawa naye mpaka mwisho. Hamadan alifanywa waziri wa Shams al-Dawla. Wanajeshi wakaasi, wakapora nyumba yake na kutaka auawe. Akajificha siku 40, mpaka amiri alipougua tena tumbo na kumtafuta amtibu. Mchana alikuwa na kazi za uwaziri, usiku ndio wanafunzi walikusanyika kwake wakasoma al-Shifa na al-Qanun.

Amiri alipokufa, Ibn Sina akajificha tena, safari hii nyumbani kwa muuza dawa. Al-Juzjani akamuomba amalize al-Shifa. Akataka karatasi na wino. Kwanza akaandika vichwa vya masuala kwa siku 2, bila kitabu chochote mbele yake, yote kutoka kichwani. Kisha akaziweka zile karatasi mbele yake, akachukua suala moja, akalitazama, akaliandikia maelezo, akaenda la pili. Alikuwa akiandika kurasa 50 kila siku. Huyu ni mtu anayetafutwa na serikali! Hofu ipo, lakini mlangoni kaiweka ingoje, na mezani kuna suala moja tu.

Hatimaye alikamatwa akafungwa ngome ya Fardajan miezi 4, na humo pia akaandika. Alipotoka akakimbilia Isfahan amevaa nguo za Kisufi, akapokewa kwa heshima na Ala al-Dawla. Kitabu chake al-Qanun kilitafsiriwa Kilatini karne ya 12 huko Toledo na Gerard wa Cremona, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha matabibu wao kwa karne nyingi.

KIFO CHAKE

Alipata ugonjwa wa tumbo, kulanji. Kwa kuwa alikuwa anasafiri na amiri na hakutaka kubaki nyuma, alijitibu kwa pupa, dawa nyingi siku moja, na matumbo yakajeruhika. Alipoona mwili umeshindwa aliacha dawa. Inasimuliwa kwamba alitubia, akatoa mali yake sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'an kila siku 3. Akafariki Hamadan siku ya Ijumaa katika mwezi wa Ramadhan 428 (1037), akiwa hajafika miaka 60, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

Hatufichi kwamba wanazuoni walimpinga. Imam al-Ghazali (aliyefariki 1111) alimjibu kwa ukali katika masuala ya itikadi, hasa umri wa ulimwengu, elimu ya Allah na kufufuliwa miili. Na katika maisha yake yapo mambo ya kukosolewa. Sisi tunachukua elimu yake ya tiba na bidii yake, na mengine tunamwachia Mola wake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu kijana, ukikwama Ramadhan hii usiseme huna akili. Kwanza ondoa vyombo mezani. Simu isiwekwe kifudifudi kando ya msahafu, iende chumba kingine ama kwa mama, manake kila inapolia inapita mlangoni hata kama hukuipokea. Pili, usibebe ukurasa mzima. Chukua aya 3 au 4, zikae, ndipo uongeze, kama Ibn Sina na vipande vyake. Tatu, jua maana. Yeye alikwama mara 40 kwa kukosa maana, akafunguka kwa kitabu cha dirhamu 3. Muulize ustadhi, soma tafsiri, ushikie hapo. Nne, lala. Tukikesha mpaka daku kwa mambo ya video, alfajiri tunamwambia ubongo ufanye kazi bila nguvu. Mimi mwenyewe nilihangaika wiki nzima na ukurasa mmoja nikiwa na simu mkononi, nilipoiacha nyumbani nikaenda nao msikitini baada ya alfajiri ukanikaa kwa siku 2.

Na wazazi wetu, kabla hujamwita mtoto kichwa maji, mpe saa moja ya utulivu. Zima televisheni, mwombe jirani apunguze redio, mweke kwenye kona ya meza. Saa moja katika chumba cha futi kumi kwa kumi si kitu kidogo, ni sadaka. Muuza mboga wa Bukhara alimpa mtoto mmoja wakati wake, wala hakujua anampa nani.

Tunamuomba Allah (SW) azikubali swaumu zetu, atupe makini katika swala na masomo yetu, na awafungulie watoto wa Kibera na Kawangware milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.